Kuosha Mboga na Haki ya Maji

Kabichi na karoti zishukazo kutoka Lushoto hadi masoko ya Tanga hupita katika mikono mingi. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea mikoani kilitukumbusha kwamba vimelea vya kinyesi vikiingia majini au chakulani huua. Basi tunawe mikono kwa sabuni, na mboga tuzioshe kwa maji safi yanayotiririka, bila sabuni. Tukikosa maji salama, tuache kachumbari. Tule mboga zilizopikwa, zingali moto. Kuosha kwa maji machafu ni kueneza uchafu. Hata hivyo, mama anunuaye maji kwa ndoo asilaumiwe. Jumuiya zetu zidai maji salama sokoni na majumbani: hiyo ni haki, si hisani.