Ulumbi Tunaousoma, Ulumbi Tusioumudu

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa muda mrefu nilijikinga kwa methali hii kila nilipoalikwa kuhudhuria warsha za kuwafunza wataalamu namna ya kuhutubu, kusimulia na kujijengea jina. Niliamini kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya mafunzo ya aina hiyo, kwa kuwa fasihi simulizi imekwisha kumfunza yote.

Imani hiyo ilitikiswa nikiwa mwaka wa nne. Mkufunzi mmoja alikuja kuzungumza na wanafunzi tuliokaribia kuhitimu, akatueleza mambo matatu: kwamba msemaji aivute hadhira tangu sentensi zake za kwanza, kwamba hoja itiliwe nguvu kwa kisa chenye mgogoro na suluhu, na kwamba mtaalamu ajulikane kwa jambo mahususi analoliweza. Nilitabasamu moyoni. La kwanza nilikwisha kulisoma kwa jina la fomyula ya ufunguzi, la pili ndio msuko wa ngano, na la tatu halikuwa mbali na majigambo. Kisha akaniomba nisimame nijieleze kwa dakika mbili, kwa lugha yoyote niitakayo. Nikachagua Kiswahili. Baada ya kutaja jina na kozi yangu, nilibaki nikirudiarudia "aa" na "yaani" hadi nikaketi. Muhula uliotangulia nilikuwa nimepata alama ya A katika mtihani uliotutaka tufafanue sifa za mlumbi bora.

Huo ndio msiba wetu, wapenzi wasomaji. Istilahi tunazo, mazoezi hatuna. Tunaihifadhi fasihi simulizi katika madaftari ilhali uhai wake umo katika utendaji. Fanani anapotamka "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!", hapambi usimulizi tu, anawashirikisha wasikilizaji kabla kisa hakijaanza, na kwa jibu lao anatambua iwapo wako tayari kumsikiliza. Anayeijua fomyula hii kwa ufafanuzi pekee ni sawa na anayejua kuogelea kwa kusoma kitabu.

Wenzetu wa taaluma nyingine wamelielewa jambo hili. Shirika la Toastmasters, lililoasisiwa na Ralph Smedley huko California mwaka 1924, lina vilabu katika nchi nyingi, ikiwemo Kenya. Utaratibu wake ni mwepesi. Mwanachama huhutubu kwa dakika chache. Mwenzake hupima muda, mwingine huhesabu kila "aa" na "mm" inayomponyoka, na mwingine husimama mwishoni kutathmini hotuba yote. Hapana nadharia nzito hapo. Ni kusema, kusahihishwa na kusema tena.

Wala usimulizi si milki ya watu wa fasihi pekee. Marehemu Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 2004, alikuwa mwanasayansi aliyefundisha anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Hata hivyo, alipowahimiza watu kuyatunza mazingira, alipenda kusimulia kisa cha ndege mdogo aliyebeba maji tone kwa tone kuuzima moto wa msitu, huku wanyama wakubwa, ndovu akiwemo, wakitazama tu. Kisa hicho kilimfikishia mkulima na mwanadiplomasia ujumbe uleule.

Yamkini mhadhiri wangu atanirejesha kwenye methali niliyoanza nayo na kuuliza: je, kujijengea jina si huko kujitembeza? La hasha, iwapo jina linatokana na kazi. Julius Nyerere aliitwa Mwalimu kwa sababu alifundisha kweli, hata katika shule ya Pugu baada ya kurejea kutoka Edinburgh mwaka 1952, na jina hilo lilidumu naye hadi alipofariki mwaka 1999. Vivugo navyo vina funzo lilo hilo. Miongoni mwa Wahima wa Ankole, nchini Uganda, mtunzi wa kivugo alijisifu kwa ushujaa wake mbele ya watu waliomfahamu. Kujisifu mbele ya mashahidi kunamlazimu mtu kuwa na tendo la kutaja. Kibaya hujitembeza kwa kuwa hakina tendo. Chema nacho, kikikosa wa kukieleza, huweza kuozea ghalani.

Kwa hivyo natoa mapendekezo mawili. Kwanza, chama chetu kitenge saa moja kila juma kwa jukwaa la ulumbi, pawe na mpima muda na mtathmini, na kila mwanachama apate zamu yake. Pili, idara zetu zitenge sehemu ya alama za kozi ya fasihi simulizi kwa utendaji wenyewe: mwanafunzi asimulie, ahutubu, ajieleze kama aliye mbele ya mwajiri. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi za Kenya. Katiba ilitupa ukumbi. Haiwezi kutupa ulimi. Iwapo sisi tuliokisomea tutababaika ukumbini humo, nani atamshawishi mhandisi au daktari kwamba lugha hii inaweza kuibeba taaluma yake?

Mcheza kwao hutuzwa, lakini sharti kwanza aingie uwanjani. Sasa nimo katika masomo ya uzamili, na zile dakika mbili bado zinanidai. Jukwaa letu la kwanza litakapoandaliwa, naomba niwe wa kwanza kuitwa.