Kabla Hujaifowadi Sauti Ile

Katikati ya Machi 2023, Kagera ilipokuwa ikiambiwa kuna ugonjwa usiojulikana, kundi la WhatsApp la ukoo wetu halikulala. Sauti ya mwanamke anayehema ilinifikia mara tatu kabla sijamaliza chai: jamani, msitoke, watu wanaanguka njiani! Aliyerekodi ni nani? Yuko kijiji gani? Hakuna aliyejua. Hata hivyo binamu yangu wa Mwanza alikwisha kumpigia mama yake simu, apande basi atoke Bukoba usiku uleule.

Tarehe 21 aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akautaja ugonjwa: Marburg. Jina la mji wa Ujerumani, ulikotambuliwa mwaka 1967. Ni ugonjwa wa kutisha, simdanganyi mtu. Hadi unatangazwa kwisha tarehe 2 Juni, ulikuwa umewapata watu 9 na kuua 6. Lakini itazame tena hiyo 9. Haikufika 90, na sababu kubwa ni kwamba watu zaidi ya 200 waliokuwa karibu na wagonjwa walitafutwa, wakafuatiliwa siku hadi siku mpaka zikatimia 21. Sasa niambie, aliyetoroka na basi la usiku atapimwa joto na nani?

Ndugu zangu, ugonjwa huu hauruki hewani kama mafua. Huambukiza kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti. Ndiyo maana huwawahi wenye huruma: mama anayeuguza, muuguzi wa zahanati, waosha maiti. Kwetu kumwachia mtu mwingine maiti ya mzazi wako ni jambo zito, nalijua hilo. Nawaomba tuwaachie wataalamu hata hivyo, na tulie pembeni.

Nawaomba pia tusimfiche mgonjwa. Januari 2025 Marburg ilirudi mkoa uleule, safari hii Biharamulo, na watu wote 10 waliohesabiwa walifariki, wengi wao kabla ugonjwa haujathibitishwa. Homa kali ya ghafla na kutapika si aibu ya familia. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure. Ipige hiyo kwanza, ukoo utaupigia baadaye.

Kuna jambo jingine linaloniuma kuliko hizo sauti. Mama mmoja alimaliza siku zake 21 mzima kabisa, akaenda dukani kununua chumvi. Alipoinuka, kijana wa duka alikimwagia maji ya klorini kile kiti cha plastiki alichokalia, yeye akiwa bado mlangoni. Hakusema neno. Chumvi aliiacha kaunta. Baada ya hapo, nani pale mtaani atakubali kwa hiari kuandikwa kwenye orodha ya wanaofuatiliwa? Ukimwona jirani amemaliza siku zake, mpokee. Mkaribishe kahawa, kaa naye, watoto wakuone umekaa naye.

Na ile sauti ikikufikia, muulize aliyekutumia: umeitoa wapi? Mara nyingi mnyororo hukatikia hapo.

Shangazi yangu, yule mama yake binamu wa Mwanza, kama unajiuliza, hakupanda basi. Alimuuliza mwanawe nani atamkamua ng'ombe, akakata simu, akaenda kujaza maji ile ndoo yenye koki iliyo mlangoni.