Jembe na Kalamu

Mwaka 1949 kamati iliyoongozwa na Leonard Beecher, padre wa Kianglikana, iligawa masomo ya Waafrika wa Kenya katika ngazi 3, kila moja miaka 4. Kuvuka ya kwanza kulitaka mtihani, na watoto wengi waliishia hapo. Kamati ilitilia mkazo kazi za mikono. Wazazi wengi walipinga. Jembe hawakulidharau, maana ndilo lililowalipia karo. Walihofu mtoto apewe jembe ili anyimwe kalamu.

Basi wakuu wa bodi ya shule wanapogawa fedha, yafaa waulizane: mtoto atokaye hapa ataweza kupalilia kahawa, na pia kuisoma risiti yake? Mkulima asiyejua hesabu humlimia mwenye mizani.