Mtandao wa Meli Una Milango Miwili

Wapo watu wanaoamini kwamba anayepanda meli ya kitalii kisha akapiga simu ya video kutoka sitahani ameikosea bahari adabu. Bahari, wanasema, ndiyo mahali pa mwisho palipobaki ambapo mtu anaweza kutopatikana. Zima simu, tazama maji, soma kitabu. Nimeyasikia haya kwa marafiki zangu, watu waliosoma na wenye nia njema, na huwa nawauliza swali moja tu: mnamzungumzia nani? Kwenye meli hiyo hiyo, sitaha kadhaa chini ya bwawa la kuogelea, yumo mtu ambaye hakuja kupumzika. Yeye hakuichagua hiyo raha ya kutopatikana. Ameuziwa kinyume chake, kwa dola, na bado hakipati.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, inaweza kubeba abiria hadi 7,600, na ina wafanyakazi wapatao 2,350. Huo ni mji. Wanaouendesha mji huo na mingine ya aina yake wametoka Ufilipino, India, Indonesia, visiwa vya Karibi, na miaka ya karibuni pia pwani yetu ya Kenya. Mikataba yao kwa kawaida ni ya miezi sita hadi tisa. Mkataba wa kimataifa wa kazi za ubaharia unaruhusu hadi saa 14 za kazi kwa siku na 72 kwa wiki, na nahodha anayetaka kuutumia mpaka huo wote hana wa kumzuia. Mdogo wangu anatandika vitanda na kusugua mabafu kwenye meli mojawapo. Mwanawe wa miaka mitatu tunaye Kisauni, kwa mama yetu.

Zamani kisingizio cha kampuni kilikuwa na ukweli ndani yake. Meli ilitegemea setilaiti zilizokaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Sauti yako ikipanda huko na kushuka, na jibu likafuata njia hiyo hiyo, nusu sekunde imekwisha kabla hujahesabu msongamano wa abiria waliokuwa wakigawana mkondo mwembamba. Picha iliganda, mdomo ukaachana na maneno, mkakata simu mkaandikiana ujumbe. Hakuna aliyelaumiwa kwa hilo, maana umbali ni umbali.

Lakini umbali huo umepungua. Agosti 2022 Royal Caribbean ilitangaza kwamba inaweka mitambo ya Starlink kwenye meli zake, na makampuni mengine makubwa yakafuata. Setilaiti hizi ziko takriban kilomita 550 tu juu yetu. Leo abiria aliye katikati ya bahari anaweza kuhudhuria mkutano wa ofisi kwa video akiwa na taulo mabegani (na wapo wanaofanya hivyo kwa sauti kubwa kuliko ya muziki wa baa, hao nawaachia jirani zao wa viti). Analipia, bila shaka. Si ajabu bei ikafika dola 20 au zaidi kwa siku kwa simu moja, na mara nyingi kifurushi cha chini kinaruhusu ujumbe tu, cha juu ndicho kinachofungua video. Kwa hiyo tukubaliane: kama video inapita kwa abiria, inaweza kupita kwa mfanyakazi. Antena ni ile ile. Kinachowatenganisha ni orodha ya bei na neno la siri.

Huu ndio mlango wa pili ninaousema. Mfanyakazi naye huuziwa vifurushi, vyenye ngazi zake, bei yake ikiwa nafuu kuliko ya mgeni. Unafuu huo ndio unaotajwa kila mtu anapolalamika. Nafuu kwa nani? Dola chache kwa mgeni aliyekuja siku saba ni bei ya kinywaji. Kwa mtu wa miezi minane, anayetuma karo na kodi ya nyumba kila mwisho wa mwezi, dola hizo hizo ni sehemu ya mshahara inayorudi kwa mwajiri aliyeutoa. Meli inakulipa kwa mkono wa kulia ili uwe mbali na wenyewe, halafu inakutoza kwa mkono wa kushoto unapotaka kuwaona.

Mtu atasema: si aandike ujumbe? Atume sauti? Huyo hajawahi kumlea mtoto kwa mbali. Mtoto wa miaka mitatu hasomi ujumbe. Sauti iliyorekodiwa haijui kwamba amekimbilia jikoni. Mama anayetaka kujua kama upele umepungua anahitaji kuuona mgongo wenyewe. "Mama, mgeuze kidogo, upande wa mwanga," mdogo wangu humwambia mama yetu, na mama humgeuza, na hapo daktari wa familia anakuwa mtu aliye kwenye chumba kisicho na dirisha huko Karibi. Saa nne usiku huko Karibi ya mashariki, anapomaliza zamu, hapa Mombasa ni saa kumi na moja alfajiri. Mama ameamka kwa swala. Mtoto amelala. Basi huonyeshwa mtoto aliyelala, dakika tatu nne, akipumua. Amewahi kuniambia kwamba simu hizo ndizo anazozipenda zaidi, kwa kuwa mtoto akiwa macho humwita bibi yake mama.

Mwaka jana nyanya yetu alifariki usiku, na sisi Waislamu hatuweki maiti. Jeneza lilikuwa litoke baada ya adhuhuri. Kule melini ilikuwa alfajiri, karibu saa kumi na moja na nusu, nusu saa kabla ya zamu yake. Hakuna ndege ambayo ingemfikisha. Hata ingekuwepo, meli ilikuwa baharini. Kitu pekee alichoweza kukipata ni kuuona uso wa mtu aliyemlea, kabla haujafunikwa. Nilishika simu chumbani pamoja na shangazi zetu. Ukurasa ukamwambia kifurushi chake hakiruhusu video. Akabonyeza cha juu, kikatwe kwenye akaunti yake. Ukazunguka. Ukamtaka akubali masharti. Ulipofunguka, wanaume walikuwa wameshaliinua jeneza na wako njia panda, na alichokiona ni migongo ya kanzu na vumbi. Saa kumi na mbili alikuwa kazini. Siisemi kampuni hiyo kwa jina, kwa sababu bado anakula kwake, na kwa sababu nyingine inayotosha: utaratibu huu si wa kampuni moja.

Sheria je? Ipo, na hapa ndipo pananichoma. Mkataba wa Kazi za Ubaharia wa mwaka 2006 ulifanyiwa marekebisho mwaka 2022, yakaanza kutumika tarehe 23 Desemba 2024. Sasa, miongoni mwa huduma ambazo baharia anastahili melini, yametajwa pia mawasiliano na jamii yake. Vizuri. Lakini intaneti yenyewe imewekwa kwenye sehemu ya miongozo, ile isiyolazimisha: wenye meli wanashauriwa kuitoa kadiri inavyowezekana, na gharama, kama ipo, iwe ya kiasi. Soma tena. Kadiri inavyowezekana kwa mizani ya nani? Ya kiasi kwa mfuko wa nani? Maneno haya mawili ni mapana kiasi cha meli nzima kupita katikati yake bila kugusa ukingo. Na nani atahoji? Meli nyingi za kitalii zimesajiliwa Bahamas, Panama, Bermuda au Malta. Mfanyakazi anapeperushiwa bendera ya nchi ambayo pengine hajawahi kuikanyaga, sembuse kuijua ofisi ya malalamiko yake.

Hoja za upande wa pili nazijua. Ya kwanza ni ya mababu: mabaharia wetu walikwenda na kusi wakarudi na kaskazi, miezi na miezi, na huku nyuma hakuna aliyejua kama wako hai. Ni kweli. Walikosa njia. Hakuna nahodha aliyekuwa nayo juu ya tanga akaifunga kwa ufunguo. Isitoshe, baharia wa jahazi hakutarajiwa kuidhinisha upasuaji wa mtoto wala kutuma pesa kwa simu kabla ya saa kumi jioni. Nyumba iliendeshwa na waliobaki. Leo nyumba inaendeshwa na aliyeondoka.

Ya pili ni ya usalama: mkiwapa mtandao bure watakesha, na mtu mchovu ni hatari. Hoja hii inanichekesha kwa sababu inatolewa na wale wale wanaopanga zamu. Ukiogopa uchovu, punguza saa za kazi. Usipunguze uso wa mtoto. Ya tatu ni ya gharama, na hiyo ilijibiwa mwaka 2020. Machi mwaka huo, safari za kitalii ziliposimamishwa kwa ajili ya korona, maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi walinasa melini kwa wiki na miezi, bandari zikiwakataa. Baadhi ya kampuni, zikiwa hazina hata abiria mmoja wa kulipa, ziliwafungulia watu wao mtandao bila malipo. Abiria waliporudi, na pesa ziliporudi, ndipo jambo hilo likawa ghali tena.

Ya nne, wanaweza kutumia mtandao bandarini. Nenda katikati ya mchana karibu na gati lolote la Karibi ukawaone, wamejipanga ukutani nje ya mikahawa, kila mmoja ameinamia simu, hawatazami kisiwa. Wengine hawakupata hata hiyo ruhusa ya saa mbili, maana vyumba havijisafishi.

Nataka nini basi? Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2014. Serikali yetu inajivunia kupeleka vijana kwenye meli, na Bandari Maritime Academy pale Mombasa inawafundisha. Mawakala wanaoajiri mabaharia wanahitaji kibali cha Kenya Maritime Authority. Basi kibali hicho kiwe na sharti: hakuna kijana anayesaini mkataba usiosema wazi atapata mtandao wa aina gani, kwa bei gani, na kwamba simu ya video kwa familia ni bure kwa muda uliotajwa kila siku. Nambari, kwa maandishi. Hatuwezi kuibadilisha bendera iliyo mlingotini, lakini kalamu ya kusainia tunayo sisi. Zipo kampuni chache ambazo tayari zinawapa mabaharia wao mtandao bila malipo, na hazijazama.

Nawe msomaji, ukijaliwa kupanda meli hizi, piga simu yako ya video kwa raha zako. Kisha nenda kwenye dawati la huduma kwa wageni uulize wafanyakazi wanalipa kiasi gani kuwaona watoto wao, na uyaandike majibu hayo kwenye ile fomu ya maoni wanayokupa siku ya mwisho, kwa maana fomu hizo husomwa. Usimuulize anayetandika kitanda chako. Atakujibu kwamba kila kitu ni kizuri, kwa sababu msimamizi wake yuko kwenye korido.