Unapungua Mafuta au Unapungua Misuli?

Mwezi huu naanza na kosa langu mwenyewe.

Mama mmoja wa kwaya yetu alikuwa na kilo 86. Harusi ya bintiye ilikuwa inakaribia, naye alitaka kushona gauni la maana. Kwa miezi miwili alijinyima sana: asubuhi chai ya rangi na kipande cha mkate, mchana ugali kidogo na mchicha, usiku tunda. Alipokuja kupima, mizani ilisoma 77. Kilo 9! Nikampigia makofi mbele ya akina mama wote waliokuwa kwenye foleni.

Jumapili iliyofuata nilikaa nyuma yake kanisani. Kila tulipoambiwa tusimame, alishika benchi la mbele kwa mikono miwili ndipo akainuka. Baadaye akanieleza kwamba ndoo ya maji aliyokuwa akijitwisha peke yake sasa anaita mtu amsaidie. Nikaona aibu. Nilisoma mizani, sikumtazama mama.

Mizani hupima kila kitu kwa pamoja: mafuta, misuli, maji, mifupa, hata chakula kilichomo tumboni. Haikwambii kilichopungua ni kipi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori kama 7,700, na mwanamke wa kawaida hutumia kalori kama 2,000 kwa siku. Basi mtu akikwambia amepungua kilo 3 ndani ya siku 3, piga hesabu mwenyewe. Angehitaji kuchoma kalori 7,700 kila siku, jambo lisilowezekana kwa mama wa nyumbani. Sehemu kubwa ya kilichotoka ni maji, na yatarudi.

Baada ya siku hizo za kwanza mwili huanza kutafuta nishati kwenye akiba yake. Huchukua mafuta, lakini huchukua na misuli pia, hasa ikiwa chakula kina protini kidogo na misuli haifanyiwi kazi nzito. Na sisi tuliopita miaka 40 tayari misuli inapungua yenyewe polepole kwa ajili ya umri. Ukiongeza njaa juu ya hapo, ndipo unapomwona mtu mwembamba asiyeweza kuinuka kitini.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: je, inawezekana kula kidogo, mafuta yapungue, na misuli ijengeke wakati huohuo? Inawezekana. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha matokeo ya vijana wa kiume 40 waliopunguziwa chakula kwa asilimia 40 kwa wiki 4 huku wakifanya mazoezi makali. Waliokula protini nyingi walipoteza mafuta kilo 4.8 na wakaongeza nyama ya mwili kilo 1.2. Wenzao waliokula nusu ya protini hiyo walipoteza mafuta kilo 3.5, na nyama ya mwili ikabaki karibu vilevile. Wale ni vijana, nasi ni akina mama wenye magoti yetu, kwa hiyo usitegemee kasi ile. Lakini mama mwenye uzito mkubwa ambaye hajawahi kufanya mazoezi ya nguvu ana nafasi nzuri, akienda polepole.

Sasa tuingie jikoni, maana hapa ndipo penye ugonjwa wetu. Nani anakula nyama nyumbani kwako? Baba anawekewa vipande vitatu, watoto kimoja kimoja, mama anabaki na mchuzi na kukomba sufuria. Tukisema tunapunguza mwili, cha kwanza kuacha ni yai na maharage, lakini mafuta tunaendelea kumimina kwa macho! Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori kama 120. Soda moja ya mililita 300 haiko mbali na hapo. Punguza huko. Ukipunguza kalori kama 500 kwa siku inatosha, nawe utashuka karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni.

Protini usiiguse. Anayepunguza uzito afikishe kama gramu 1.2 kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 84 kwa mama wa kilo 70. Si lazima ununue kuku. Mayai mawili yana gramu 12, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, konzi ya karanga 7, kipande cha samaki cha gramu 100 kama 22. Rudia maharage jioni, ongeza na kile kidogo kilichomo kwenye ugali, umefika. Dagaa wakavu nao wana protini nyingi kwa bei ndogo.

Kuhusu mazoezi, naambiwa: "Nesi, mimi nafua, natwanga, nachota maji, hayo si mazoezi?" Ni mazoezi, lakini mwili umekwisha kuyazoea. Misuli huongezeka ikidaiwa zaidi ya ilivyozoea. Siku 2 au 3 kwa wiki kaa kitini na kuinuka bila kushika popote, mara 10. Simama mbele ya ukuta, weka viganja ukutani, kunja viwiko mpaka paji likaribie, kisha jisukume urudi. Inua dumu la lita 5 kwa kila mkono. Ikiwa nyepesi, ongeza uzito.

Mjamzito asijaribu kupunguza mwili. Anayenyonyesha, anayetumia dawa za kisukari au presha, na mwenye ugonjwa wa figo aonane kwanza na daktari. Na anayepungua bila kujinyima afike hospitali mapema, hilo ni jambo lingine kabisa.

Yule mama wa kwaya tulianza naye upya. Alirudi kula mayai na maharage, uzito ukapanda kidogo, akalalamika sana. Juma lililopita mizani ilisoma 78, ileile ya mwezi uliotangulia, akanuna. Nikachukua utepe wa fundi cherehani nikampima kiuno: kimepungua sentimita 4. Akainuka kitini mikono ikiwa imekunjwa kifuani, akaniomba nimwandikie hizo sentimita kwenye karatasi akamwonyeshe mumewe.