Kodi ya kamari: Uwanja umepata fungu, mraibu je?

Kwa mkulima wa Kanda ya Kati fedha huja kwa msimu. Alizeti ya Singida, Iramba na Kongwa huanza kuuzwa kuanzia Mei. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mkupuo mmoja huangukia Agosti na Septemba, wakati uleule ligi za Ulaya zinapoanza. Miezi mingine ni ya kusubiri mvua, ambayo hapa haizidi sana milimita 600 kwa mwaka na huweza kukatika Februari wakati mahindi yako kiunoni.

Kwa hiyo fedha ya mavuno si ya kula yote. Ndani yake mna mbegu ya Desemba, mahitaji ya shule ya Januari, deni la dawa ya kupulizia mizabibu na hisa za kikoba. Mkulima wa Hombolo au Ikungi anaitunza kwenye simu, kwa sababu benki iko mbali. Na ni kwenye simu hiyohiyo kampuni za kubashiri matokeo zinapomfuata, saa yoyote, hata akiwa shambani. Ndiyo maana suala hili linastahili kurasa za kilimo na biashara, na siyo za michezo peke yake.

Tuanze na sheria. Michezo ya kubahatisha si haramu nchini kwa yule mwenye leseni. Ilikuwapo Sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa ya mwaka 1974, kisha ikaja Sheria ya Michezo ya Kubahatisha namba 4 ya mwaka 2003 iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya Wizara ya Fedha. Bodi hiyo ndiyo inayotoa leseni kwa kasino, kampuni za kubashiri, mashine na bahati nasibu, na sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza. Tangu Julai 2017 kazi ya kukusanya kodi ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Makusanyo yamekua kwa kasi ambayo sekta nyingi zingeionea wivu. Kwa takwimu za Bodi, kodi ya michezo hii ilipanda kutoka takriban Sh33 bilioni mwaka wa fedha 2016/17 hadi takriban Sh170 bilioni mwaka 2022/23. Hazina imefurahi, na ina haki. Lakini kodi ni sehemu tu ya kile kilichobaki kwa kampuni baada ya kuwalipa washindi. Nyuma ya kila shilingi ya kodi kuna shilingi kadhaa walizopoteza wachezaji, na hizo hazina mstari katika kitabu chochote cha bajeti.

Hapa inafaa kupiga hesabu ambayo vijana wengi wanaoweka mikeka hawajawahi kupigiwa. Tuchukulie kampuni imejiwekea asilimia tano katika kila mechi, kiwango ambacho si kikubwa katika biashara hii. Anayeweka Sh1,000 kwenye mechi moja, kwa wastani wa muda mrefu, hurudishiwa Sh950. Akiunganisha mechi 10 kwenye mkeka mmoja, ile asilimia tano inamkata mara kumi mfululizo, na wastani wa kinachorudi unashuka hadi kama Sh599. Mechi 15, Sh463. Na hapo kodi ya zawadi haijaguswa.

Mkulima wa vitunguu anayegombana na mnunuzi kwa sababu ya lumbesa anajua kinachofanyika pale: anauza gunia moja na kutoa karibu gunia moja na nusu. Mkeka wa timu 15 ni lumbesa kubwa kuliko ile, ila haionekani kwa macho, na anayepunjwa anaamini kuwa ni kipa wa timu fulani ndiye aliyemwangusha.

Michezo mipya ya simu ni mikali zaidi. Ubashiri wa mpira ulikuwa na breki yake ya asili, kwamba lazima usubiri mechi iishe. Kwenye ule mchezo wa kindege, raundi moja huisha kwa sekunde chache na nyingine huanza. Dereva wa bodaboda aliyeegesha pale Jamatini akisubiri abiria anaweza kumaliza hesabu ya tajiri kabla abiria hajafika.

Kisha kuna dubwi, zile mashine za sarafu. Hizi hazihitaji simu wala namba ya siri. Sarafu ya Sh200 inatosha, na sarafu haina jina wala umri. Kampuni ya simu inaweza kujua mteja wake ni nani. Mashine iliyowekwa kwenye kibanda cha duka haiwezi kutofautisha mama ntilie na mtoto aliyetumwa chumvi. Kwa maoni yangu hapa ndipo usimamizi ulipo mwembamba kuliko mahali pengine popote, kwa sababu Bodi ina maofisa wachache na vijiji ni maelfu. Mtendaji wa kata ndiye anayeiona mashine kila siku, lakini halmashauri yake haina sababu kubwa ya kuisumbua: kodi ya mchezo inakwenda TRA, na mtoto aliyepoteza sarafu hatoi taarifa.

Sasa fedha hizo huenda wapi? Sehemu kubwa huingia Mfuko Mkuu wa Serikali kama kodi nyingine. Lakini mwaka 2021, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk Mwigulu Nchemba, alileta bungeni mabadiliko yaliyopunguza kodi ya zawadi za kubashiri kutoka asilimia 20 hadi 15, yakapandisha kodi ya mapato ghafi ya kampuni kutoka asilimia 25 hadi 30, na kuelekeza asilimia 5 kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Viwango vimeguswa tena katika bajeti zilizofuata, lakini msingi uliwekwa pale: kwamba fedha ya kamari inaweza kutengewa kazi maalumu kwa sheria. Miaka miwili baadaye Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ikaitaja michezo ya kubahatisha miongoni mwa vyanzo vya kuwagharimia wasio na uwezo.

Ni hatua nzuri zote mbili. Tatizo ni kwamba hakuna kati ya hizo iliyomlenga mtu aliyeumizwa na mchezo wenyewe. Bima humlipia mgonjwa aliyefika hospitali, wakati mraibu wa kamari hafiki, kwa kuwa yeye na familia yake hawajui kwamba huo ni ugonjwa. Wanaita uzembe, au wanasema amerogwa. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, pamoja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya.

Kuhusu mpira, tuseme ukweli kwamba uwanja haukuwa na njaa kubwa ya fedha za kamari. Mwaka 2017 SportPesa iliingia nchini na kuzidhamini Simba, Yanga na Singida United kwa mpigo. Agosti 2022 Simba ikasaini na M-Bet mkataba wa miaka mitano wa zaidi ya Sh26 bilioni. Klabu zinahitaji fedha na hakuna anayezilaumu kwa kuchukua. Lakini jezi hizo huuzwa hadi mnada wa Msalato, na wanaozivaa ni pamoja na watoto wa darasa la tatu. Mtoto anajifunza jina la kampuni ya kubashiri kabla hajajua kuligawanya shamba kwa ekari. Na udhamini wenyewe si nguzo ya kuegemea: Singida United ilishuka daraja mwaka 2020, na huko Kenya, kodi ya kampuni hizi ilipopandishwa hadi asilimia 35 Januari 2018, SportPesa ilijibu kwa kuondoa udhamini wake wa michezo nchini humo.

Kenya inatufundisha jambo jingine pia. Julai 2019 iliwanyima kampuni 27 leseni mpya, na kabla ya hapo, Mei, ilipiga marufuku matangazo ya barabarani na matumizi ya watu maarufu. Baadaye mwaka huo ikaweka ushuru wa asilimia 20 kwenye kila dau, kisha ikaufuta mwaka 2020. Uganda nayo Januari 2019 ilitangaza kutotoa leseni mpya kwa agizo la Rais Yoweri Museveni. Nchi zote mbili zilitikisa lango la kuingilia, lakini waliokwisha kunasa hawakupata mahali pa kwenda. Aprili 2025 Kenya ilikuwa inasimamisha tena matangazo kwa siku 30.

Afrika Kusini ilianza mapema kwa njia tofauti. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ina mpango wa taifa wa kusaidia wacheza kamari, unaogharimiwa na kampuni zenyewe kwa asilimia 0.1 ya mapato yao ghafi, wenye simu ya bure na ushauri wa bure. Kiasi ni kidogo na ni cha hiari. Uingereza pia ilitegemea hiari kwa miaka mingi, hadi ikachoka na malalamiko kwamba anayeumiza ndiye anayechagua utafiti upi ulipiwe. Aprili 2025 ikageuza kuwa tozo ya lazima, kati ya asilimia 0.1 na 1.1 kulingana na aina ya mchezo. Nusu ya fedha inakwenda kwenye tiba, asilimia 30 kwenye kinga na asilimia 20 kwenye utafiti.

Sisi tungeanzia wapi? Dodoma tayari ina majengo na watu. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe imekuwapo tangu enzi za mkoloni, na kituo chake cha Itega kinatibu waathirika wa dawa za kulevya, pamoja na kuwapa methadone. Kazi ya kumkalisha mraibu chini, kumpa ratiba, kumrudisha kwa familia na kumfuatilia anapoteleza inafahamika pale. Uraibu wa kamari hauna dawa ya kunywa kama methadone. Tiba yake kubwa ni mazungumzo ya kitaalamu, ambayo ni nafuu kwa vifaa lakini yanahitaji watu waliofunzwa na kulipwa.

Wapo wanaouliza kwa nini Serikali imlipie mtu aliyejitakia. Swali hilo liliulizwa pia kuhusu watumiaji wa heroini kabla ya Muhimbili kuanza kutoa methadone mwaka 2011. Kilichosaidia wakati ule ni kwamba sindano zilikuwa zinaeneza Virusi vya Ukimwi, hivyo wafadhili wa Marekani waliweka fedha. Kamari haienezi virusi. Hakuna mfadhili atakayekuja kwa ajili yake, na mwaka 2025 tuliona jinsi misaada ya afya ya Marekani inavyoweza kukatwa kwa amri moja. Fedha ya kazi hii itabidi itoke humuhumu kwenye mchezo. Anayelipa hatakuwa mlipakodi wa kawaida bali mchezaji mwenyewe, kupitia kile alichokwisha kupoteza.

Lipo jambo moja ambalo halihitaji hata fedha nyingi. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA ulipokamilishwa mwanzoni mwa 2020, kila namba ya simu ina mwenyewe na umri wake unajulikana. Bodi inaweza kuweka orodha moja ya kitaifa ya watu walioomba kufungiwa, na kila kampuni ikalazimika kuisoma kabla ya kupokea dau. Mtu akijifungia leo asiweze kuhamia kampuni ya jirani kesho. Kwenye orodha hiyohiyo mke au mzazi asiwe na uwezo wa kumfungia mwingine bila utaratibu, maana tutafungua mlango wa ugomvi wa ndoa. Kwa dubwi orodha haina kazi. Huko dawa ni umbali kutoka shule na masoko, na kumpa mtendaji wa kata mamlaka ya kuifunga mashine papo hapo, huku sehemu ya faini ikibaki kwenye halmashauri ili naye aone faida ya kuikagua.

Kikwazo kikubwa ni cha kiofisi. Bodi iko Wizara ya Fedha, mgonjwa yuko Wizara ya Afya, na mtendaji yuko TAMISEMI. Wizara ya kwanza hupimwa kwa makusanyo, ya pili haina fungu, ya tatu haina sheria ya kutosha. Wote watatu wana ofisi katika jiji hilihili, na Muswada wa Sheria ya Fedha husomwa hapahapa kila Juni. Kifungu cha mwaka 2021 kilichotaja Mfuko wa Maendeleo ya Michezo kilikuwa na maneno machache tu. Kuongeza tiba ya uraibu pembeni yake, kwa asilimia moja au hata nusu yake, na kuitaka Bodi ichapishe kila mwaka ni kiasi gani wachezaji walipoteza kwa kila mkoa, ni kazi ambayo Kamati ya Bunge ya Bajeti inaweza kuimaliza kwa kikao kimoja, ikiwa kuna mbunge wa Singida au Dodoma atakayesimama kuiomba.