Shahidi Mmoja Hatoshi: Kwa Wanaosema "Damu Haidanganyi"



Hapa Mirongo, na katika mitaa yote inayokizunguka kilima cha Bugando, uko msemo unaotamkwa kwa uhakika kama wa Injili: "Damu haidanganyi." Husemwa na baba anayevunja uchumba wa kijana wake. Husemwa na muuza dawa anayemwandikia mama mgonjwa sindano za siku kumi. Tena, tuseme kweli, husemwa na baadhi yetu sisi wenyewe katika vikao vya parokia, tunapodai karatasi ya kupimwa kabla ya kutangaza ndoa.

Waraka huu umeandikwa kuupinga msemo huo. Damu haina kinywa. Kinachosema ni kipimo, na kipimo ni shahidi. Na kila shahidi, hata awe mwaminifu namna gani, aweza kukosea.

Tunamfahamu binti mmoja ambaye mahari yake ilikwisha kutolewa. Alipimwa mara moja, kwa kipimo kimoja, mahali ambapo hatutapataja, akaambiwa ana virusi vya UKIMWI. Kabla ya jua kuchwa habari zilikwisha kuwafikia wakwe, nao wakadai ng'ombe wao. Baada ya majuma sita alipimwa tena mahali pengine, kwa vipimo vya aina tofauti, akaonekana hana maambukizi. Ng'ombe walikwisha kurudi kwa wenyewe. Heshima ya binti haijarudi mpaka leo. Ni nani aliyemtendea dhuluma hiyo? Kipimo kilikosea, lakini kipimo hakikutangaza habari mtaani wala hakikudai ng'ombe.

1. Jambo lililoonekana katika kanda yetu

Asidhani mtu kwamba tunasema hadithi. Mwaka 2010 wataalamu walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika hapa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kwa vijana 6,940. Kipimo kimoja cha maabara cha virusi vya UKIMWI, chenye sifa njema duniani, kilikuwa kikitoa majibu chanya ya uongo kwa wingi usio wa kawaida. Wataalamu wakajiuliza: kwa nini hapa? Walipochunguza damu za baadhi ya vijana hao, waliona kwamba majibu ya uongo yaliambatana sana na dalili za maambukizi mengine, na hasa kichocho. Wale waliokuwa na kingamwili nyingi zaidi za minyoo ya kichocho cha mkojo ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambiwa wana virusi ambavyo hawakuwa navyo.

Tafakarini jambo hili, ninyi mnaoishi kando ya ziwa. Mtoto wetu huogelea na kuchota maji pale konokono wa kichocho wanapoishi. Mwili wake hupigana na minyoo hiyo, na damu yake hujaa askari wa vita hivyo. Kipimo kilichotengenezwa katika nchi za mbali, kwa watu wasiojua kichocho, chaweza kukutana na askari hao kikawadhania kuwa ni wa vita vingine. Hivyo umaskini wa maji safi ulioanza kwa kumwumiza mtoto waweza baadaye kumsingizia. Vipimo vya haraka vinavyotumika leo ni vya aina nyingine, navyo ni vizuri. Lakini fundisho linabaki pale pale.

2. Hesabu isiyohitaji darasa kubwa

Wengine watajibu: "Kipimo kinachokosea mara mbili tu katika mia ni kipimo cha kuaminika." Na tufanye hesabu. Chukua vijana 1,000 ambao miongoni mwao 10 tu wana maambukizi. Kipimo kitawaona wote 10. Lakini katika wale 990 wazima kitawasingizia wawili katika kila mia, yaani kama 20. Jumla ya wenye jibu chanya ni 30, na kati yao 20 ni wazima. Kipimo ni kile kile kizuri; lakini kikitumiwa peke yake kwa watu ambao wengi wao hawana ugonjwa, waliosingiziwa watazidi wagonjwa. Kiongozi anayedai karatasi moja kwa kila mchumba anafanya hesabu hii bila kujua.

3. Danieli aliuliza swali lililo sahihi

Torati ya Musa haikuruhusu mtu ahukumiwe kwa neno la shahidi mmoja. Ilitaka wawili au watatu. Lakini mnakumbuka habari za Susana katika kitabu cha Danieli. Mashahidi walikuwa wawili, tena wazee wenye heshima, na bado neno lao lilikuwa la uongo. Danieli alifanya nini? Aliwatenganisha, akamwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani, na majibu yakapishana.

Ndivyo maabara inavyopaswa kufanya. Kurudia kipimo kile kile mara mbili ni kumwuliza mzee mmoja mara mbili; kosa lake atalirudia. Kipimo cha pili sharti kiwe cha aina nyingine. Ndiyo maana taratibu za taifa letu zinataka jibu chanya lithibitishwe kwa kipimo tofauti, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zote zifikie vipimo vitatu mfululizo kabla ya kumwambia mtu kwamba ana virusi. Shirika hilo linashauri pia mtu apimwe upya kabla ya kuanzishiwa dawa. Mwaka 2019 huo huo sheria yetu ilirekebishwa ikaruhusu mtu kujipima mwenyewe. Ni jambo jema. Lakini jibu chanya la kujipima ni wito wa kwenda kituoni kuthibitishwa, halijawa hukumu.

4. Homa zetu na majina tunayozipa

Dhuluma hii haiko katika UKIMWI peke yake. Ni nani kati yetu hajaambiwa ana "malaria na taifodi" kwa pamoja? Kipimo cha taifodi kinachotumika zaidi mitaani ni Widal, chenye jina la tabibu Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896. Hakitafuti mdudu; hutafuta kingamwili, ambazo zaweza kuwa kumbukumbu ya ugonjwa wa zamani au wa mdudu mwingine. Uchunguzi wa watoto waliolazwa katika hospitali moja ya mkoa wa Tanga, uliochapishwa mwaka 2010, ulilinganisha Widal na njia ya kuotesha vijidudu vya damu. Katika kila majibu 100 yaliyosema "taifodi", kama 26 tu yalikuwa ya kweli. Waliobaki wangenunua dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao, na homa yenyewe ikabaki bila jina.

Tena kosa hili huua. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo kutoka hospitali kumi za kaskazini-mashariki mwa nchi. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali. Damu yao iliposomwa upya kwa uangalifu, wenye vimelea walikuwa 2,062, chini ya nusu. Katika hao walikufa 142, yaani karibu 7 kwa mia. Katika wale 2,412 wasio na vimelea walikufa 292, yaani 12 kwa mia. Mnaona? Walioitwa wagonjwa wa malaria bila kuwa nayo walikufa zaidi ya wenye malaria yenyewe, na baadhi yao hawakupewa dawa ya kupambana na bakteria. Huko Moshi, kati ya wagonjwa 870 wa homa waliochunguzwa mwaka 2007 na 2008, 528 waliandikiwa malaria, nao walioonekana kuwa nayo kweli ni 14.

5. Onyo kwa mwenye kutaka kisingizio

Hapa tunasema kwa ukali. Yupo atakayeusoma waraka huu akasema: "Basi majibu yangu nayo ni ya uongo, naacha dawa." Ndugu, usijidanganye. Tunakumbuka mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na wapo walioacha dawa zao za kila siku. Aliyethibitishwa kwa utaratibu kamili, kwa vipimo tofauti, amethibitishwa. Na dawa anazomeza ndizo zinazomlinda yeye na mwenzi wake. Mwenye shaka arudi kituoni aulize. Shaka ya haki hudai ushahidi zaidi, haikimbii ushahidi.

6. Tunayodai

Kwanza, karatasi ya kupimwa isiwe kamwe sharti la kutangaza ndoa katika parokia zetu. Tuwashauri wachumba wapime kwa hiari, pamoja, na kwa siri. Sheria ya nchi ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa virusi vya UKIMWI na inaagiza majibu yatunzwe kwa siri. Isiwe aibu ya Kanisa kufundishwa haki na serikali.

Pili, kila mgonjwa ana haki ya kuuliza: nimepimwa kwa kipimo gani? Je, kimethibitishwa kwa kingine? Mtaalamu mwema hatakasirika.

Tatu, wenye zahanati, na hasa zile zilizo chini ya Kanisa, wasigeuze vipimo kuwa biashara. Mtaalamu wa maabara apewe mafunzo, mwanga, darubini nzima na muda wa kutosha kusoma kioo. Kipimo kisichoaminika kiondolewe hata kama kinaingiza fedha.

Nne, tuendelee kudai maji safi na dawa za kichocho kwa watoto wa ziwani. Mto Mirongo unaopita katikati yetu unabeba taka zetu hadi ziwani, na watoto wetu huogelea humo humo.

Kwa tafakari ya Jumuiya Ndogo Ndogo

Je, yuko mtu katika jumuiya yetu tuliyemhukumu kwa karatasi moja? Tumemwomba radhi? Habari za ugonjwa wa mtu zikitufikia, huishia wapi? Na yule binti akija Jumapili ijayo kukaa katika benchi letu, nani atamsogelea?